Bastola Haipigi Unapolenga? Soma Dalili Kabla ya Kununua Vilengeo Vipya

Kilengeo kipya hubadilisha mambo mawili tu: kile jicho linachokiona, na pengo lililopo kati ya mahali jicho lilipolenga na mahali risasi ilipopiga. Mengine yote ni ya mkono, kidole, risasi zenyewe, au ala ya kubebea bastola. Muuzaji hana sababu ya kukuambia hivyo. Ndiyo maana kuna bastola za kujilinda zilizobadilishwa vilengeo mara mbili, mara tatu, na mwenyewe bado analalamikia jambo lilelile.

Tafuta hapa dalili inayofanana na yako, kisha zifuate sababu zake kwa mpangilio uliopo. Nimezipanga kwa wepesi wa kuzipima. Kabla ya kugusa chochote, magazini itoke, chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole, na risasi zipelekwe chumba kingine. Hakikisha pia kwamba sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kubadilisha sehemu za bastola mwenyewe. Kuna nchi ambako kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni pekee, na vilengeo vyenye tritiamu huweza kuwa na masharti ya ziada kwa sababu tritiamu, gesi inayofanya nukta zake zing'ae gizani, ni maada yenye mionzi.

## Risasi zinapiga juu au chini, lakini zinakaa pamoja

Zingatia hilo la kukaa pamoja. Matundu yakiwa yametawanyika karatasi nzima, hakuna cha kurekebisha kwenye kilengeo. Egemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tano kutoka mita 15, pumzika, kisha rudia hadi upate makundi matatu. Makundi yote yakiangukia sehemu moja, hapo una dalili ya kweli.

Anza na picha unayoiweka jichoni. Vilengeo vingine vimetengenezwa ili risasi ipige pale ukingo wa juu wa kilengeo cha mbele unapogusa. Vingine vinataka nukta iliyochorwa kwenye kilengeo hicho ifunike pale unapotaka kupiga. Ukivitazama mezani, tofauti ni ndogo mno. Kwenye karatasi, sivyo. Nukta ambayo kitovu chake kiko milimita 2 chini ya ukingo, ikiwa sentimita 70 kutoka jichoni, hutenganisha picha hizo mbili kwa sentimita 4 hivi katika mita 15. Mtu aliyezoea ukingo akinunua vilengeo vya nukta, bastola yake "inaanza kupiga chini" siku hiyohiyo, na kumbe haina kosa lolote. Soma maelekezo ya mtengenezaji, piga tena kwa picha aliyoikusudia, halafu ndipo uamue.

Sababu ya pili ni risasi. Katika bastola za milimita 9, uzito wa risasi nyingi huwa kati ya gramu 7.5 na 9.5. Ile nzito huenda polepole zaidi na kukaa kwenye mtutu kwa muda mrefu kidogo, wakati mtutu tayari umeanza kuinuka kwa teke. Kwa hiyo, katika umbali wa kawaida wa bastola, mara nyingi nzito hupiga juu kuliko nyepesi. Ukifanyia mazoezi nyepesi za bei nafuu na kujilinda kwa nzito, vilengeo vipimwe kwa zile zitakazokaa kwenye bastola usiku.

Ukishaondoa hayo mawili, ndipo urefu wa vilengeo unapostahili lawama. Kosa la kawaida ni kuchanganya: kilengeo cha mbele cha mtengenezaji mmoja na cha nyuma cha mwingine. Vinunue kwa jozi. Ikiwa tayari umechanganya, hesabu si ngumu. Chukua kosa kwenye karatasi kwa milimita, zidisha kwa umbali uliopo kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha, zote zikiwa milimita. Bastola yenye milimita 150 kati ya vilengeo, ikipiga sentimita 6 chini kutoka mita 15, inahitaji 60 × 150 ÷ 15,000, yaani milimita 0.6. Unene wa kucha tu, ndiyo sababu kukisia kwa macho hakusaidii.

Sasa mwelekeo, maana hapa watu hurekebisha kinyume. Kilengeo cha nyuma huhamishwa kule unakotaka risasi iende. Cha mbele huhamishwa kinyume. Risasi zikipiga chini, weka cha mbele kilicho kifupi zaidi au cha nyuma kilicho kirefu zaidi. Glock, kwa mfano, hutoa vilengeo vya nyuma vya urefu wa milimita 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3. Kila hatua ya 0.4 ni kama sentimita 4 katika mita 15 kwa bastola ya ukubwa wa kati. Katika mfano wetu, hatua moja haitoshi na mbili zinazidi, kwa hiyo ni rahisi zaidi kutafuta cha mbele kilichopungua kwa 0.6. Kuna wanaochukua tupa na kukipunguza wenyewe. Inafanya kazi, ila chuma ukishakitoa hakirudi, na rangi ya juu ikitoka kutu huingia.

## Risasi zinapiga kushoto, mara nyingi na chini kidogo

Kama unatumia mkono wa kulia, nitakisia kabla sijaiona bastola yako: ni kidole. Kidole kinachovuta triga kikisaidiwa na vidole vingine kukaza mpini kwa ghafla, mdomo wa mtutu hushuka na kwenda kushoto. Kwa mwenye mkono wa kushoto, huenda kulia. Hakuna kilengeo kinachotibu hilo, na kukisogeza cha nyuma ili kufidia ni kujiharibia, kwa sababu siku utakapotulia bastola itapiga upande wa pili.

Vipimo ni viwili. Mpe bastola mtu mwenye mkono mzuri kuliko wako, apige akiwa ameegemea. Makundi yake yakiwa katikati, umepata jibu lako. Au mwombe mwenzako achanganye risasi bandia na za kweli kwenye magazini bila wewe kujua mpangilio. Triga inapoangukia risasi bandia, tazama kilengeo cha mbele. Kikichupa, umeona mwenyewe.

Kama wawili mnapiga upande uleule mkiwa mmeegemea, basi cha nyuma hakiko katikati, au kilichongwa vibaya. Kisogeze upande unaotaka risasi ziende, kwa kutumia hesabu ileile: kwa milimita 150 na mita 15, kila milimita 0.1 ni sentimita moja. Chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka kilengeo na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma inapopigwa) kabla ya kuanza, ili uone ulichofanya na uweze kurudi. Tumia kifaa maalumu cha kusukumia vilengeo. Nyundo na panchi ya shaba nyeupe au nailoni zinaweza kufanya kazi hiyo, lakini pigo la nyundo haliwezi kukupa milimita 0.2 kwa hiari yako.

## Kilengeo cha mbele hakishikiki haraka machoni

Hii ndiyo sababu ya haki ya kubadilisha vilengeo, na ndipo watu wengi hununua kitu kisichowafaa.

Tazama kwanza cha nyuma. Vilengeo vingi vya kiwandani vina nukta tatu nyeupe zinazolingana, au alama nyeupe inayozunguka pengo la nyuma, ule mkato ambamo cha mbele huonekana. Vinapendeza dukani. Lakini jicho huvutwa na kinachong'aa zaidi na kilicho karibu zaidi, na cha nyuma ndicho kilicho karibu. Kabla ya kutoa fedha, chukua kalamu ya wino mweusi usiofutika, zipake nukta za nyuma, uende uwanjani. Nakadiria kwamba nusu ya wanaolalamika watapona hapo. Kama umeridhika, ukinunua baadaye chagua cha nyuma cheusi kitupu chenye mikwaruzo midogo ya kuzuia mng'ao, na cha mbele chenye rangi kali.

Kisha tazama pengo. Kilengeo cha mbele cha kawaida kina upana wa milimita 3.2 hivi. Pengo la nyuma likiwa na upana wa karibu huohuo, mwanga unaobaki pande mbili ni uzi, na jicho hutumia muda kuutafuta. Likiwa 3.6 hadi 3.8, picha hukaa haraka. Njia nyingine ni kupunguza cha mbele: vipo vya milimita 2.9 na hata 2.5. Hapo kuna faida ya pili, kwa kuwa kilengeo cha 3.2 kilicho sentimita 70 kutoka jichoni hufunika karibu sentimita 7 za shabaha katika mita 15, na zaidi ya sentimita 11 katika mita 25.

Wapo wanaoogopa pengo pana wakidhani litaharibu ulengaji. Pima: cha mbele kikiegemea upande mmoja kwa nusu milimita nzima, kwa milimita 150 kati ya vilengeo, kosa katika mita 7 ni sentimita 2.3. Katika umbali ambao bastola ya kujilinda hutumika, kuona haraka kuna thamani kuliko sentimita hizo mbili. Mshindani anayepiga mita 50 ana hesabu zake, usimwige.

Baada ya pengo, macho yenyewe. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kukaza vitu vya karibu, na kilengeo cha mbele hugeuka kivuli chenye manyoya. Dalili ya pekee ni mtu kuinua kidevu anapolenga: anatafuta sehemu ya chini ya miwani yake, ile ya kusomea. Daktari wa macho anaweza kutengeneza lenzi inayokaza kwenye urefu wa mkono wako, na uwanjani ni raha tupu. Ila usiku wa hatari hutakuwa na miwani hiyo. Kwa hiyo vijaribu vilengeo kwa macho utakayokuwa nayo, yaani kwa miwani ya kila siku, kisha bila miwani kabisa. Kwa macho ya namna hii, nukta kubwa ya mbele yenye rangi ya chungwa au kijani kibichi huonekana hata ikiwa na ukungu, na ukungu huo hauzuii kupiga katika mita chache.

Unyuzi wa faiba, ule wa plastiki unaokusanya mwanga na kuutoa kwenye ncha, ndio unaong'aa kuliko vyote mchana. Hauna betri, hauna mionzi. Giza likiingia, hauna kitu. Pia hukatika, na baadhi ya vimiminika vya kusafishia bunduki huuharibu. Unapokatika, kata mwingine, upitishe kwenye tundu, kisha sogeza kiberiti karibu na ncha bila kuigusa mpaka ivimbe na kujifunga. Weka vipande vya akiba kwenye mfuko wa bastola.

## Gizani hakuna kinachoonekana, au vinaonekana visivyotakiwa

Tenganisha aina mbili za giza. Kuna giza ambalo bado unamtambua aliye mbele yako lakini vilengeo vyeusi vimepotea, na kuna giza ambalo humtambui mtu. Tritiamu husaidia katika la kwanza tu. Katika la pili unahitaji tochi, na tochi ikiwaka vilengeo vyovyote huonekana kama vivuli vyeusi mbele ya mwanga. Aliye na fedha ya kitu kimoja na hana tochi, anunue tochi.

Ikiwa unavyo vya tritiamu na vimefifia, tafuta mwaka uliochapwa pembeni au uliza tarehe ya kutengenezwa. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, dukani au mfukoni, itumike isitumike. Vilengeo vilivyokaa ghalani miaka minne vimekwisha kupoteza sehemu ya tano ya nguvu yake siku unapovilipia. Nukta moja ikizimika ghafla huku nyingine ziko hai, kichupa chake kimevunjika au kimeanza kuvuja: fungua madirisha, usikikwangue, nawa mikono, na kirudishe kwa mtengenezaji. Hakitupwi na taka za nyumbani.

Malalamiko mengine ni "nukta tatu sawasawa, sijui ipi ya mbele." Gizani, ambapo mwili wa slaidi hauonekani, mtu huweza kupanga nukta tatu kwa mstari huku ya mbele ikiwa pembeni badala ya katikati. Dawa ni rangi tofauti, au cha nyuma kisicho na mwanga kabisa. Nukta za nyuma zikiwa kijani, ya mbele iwe na duara la chungwa linalong'aa. Wengine hutaka nukta moja tu ya nyuma chini ya pengo, ipangwe wima na ya mbele. Kama mwanga wa kilengeo hudumu dakika chache tu baada ya taa kuzimwa, hiyo si tritiamu, ni rangi inayokula mwanga na kuurudisha. Kwenye droo iliyofungwa haina msaada.

## Kilengeo kinalegea

Kagua mstari wako wa penseli. Cha nyuma kikihama, mfuo wa slaidi ni mpana kuliko kilengeo, au skrubu ndogo ya kukibana haikukazwa. Usigonge chuma kwa panchi ili kukivimbisha. Tafuta kilengeo kinachobana. Kinachoingia kwa kidole hakifai. Kinachohitaji kusukumwa kwa nguvu theluthi mbili ya mwisho wa safari ndicho.

Cha mbele kinachoshikwa kwa skrubu kutoka chini ya slaidi, kama kwenye Glock, hulegezwa na teke. Safisha mafuta yote kwenye nyuzi, weka tone la gundi ya skrubu ya buluu ya nguvu ya wastani, kaza kwa ufunguo wake mwembamba bila kutumia mabavu, acha usiku mzima. Skrubu hizo ni ndogo, na anayekaza kama nati ya gurudumu huzikata shingo.

Tahadhari moja kwa wenye bastola ya M&P ya Smith & Wesson: chini ya kilengeo cha nyuma kuna springi ndogo na kifuniko chake, sehemu za usalama wa pini ya kufyatulia. Ukikisukuma nje bila kuweka kidole juu, huruka. Bastola ikirudishwa bila springi hiyo, kinga ya kutofyatuka yenyewe haiaminiki tena.

## Umeweka kioo cha nukta nyekundu, na sasa huioni nukta

Kioo hiki hukuonyesha nukta ya mwanga ya kulengea badala ya vilengeo viwili vya kupanga. Unaponyanyua bastola na kukiona kitupu, karibu kila mara mdomo wa mtutu uko juu mno, na nukta imejificha nje ya ukingo wa kioo. Kifaa ni kizima. Fanya mazoezi kwa bastola tupu ukiwa umefumba macho, nyanyua, fumbua. Vilengeo virefu vinavyoonekana chini ya kioo husaidia kuirudisha nukta mahali pake, na hubaki vikifanya kazi betri ikifa. Badilisha betri mara moja kwa mwaka, hata kama sanduku linaahidi miaka mitano.

Nukta ikionekana kama koma, nyota au kishada cha zabibu, ipige picha kwa kamera ya simu kupitia kioo. Kwenye picha ikiwa duara safi, tatizo ni jicho lako, kwa kawaida mpindo usio sawa wa konea, na miwani inaweza kulirekebisha. Jaribu pia kupunguza mwanga wa nukta, maana wengi huuwasha kupita kiasi. Ukubwa wa nukta ni chaguo la macho: ya MOA 3 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii) hufunika sentimita 2 hivi katika mita 25, ya MOA 6 zaidi kidogo ya 4. Kwa kujilinda, kubwa hainisumbui.

Nukta ikihamahama, kagua skrubu za bamba linaloshikilia kioo na za kioo chenyewe, ukiwa umezichora alama ya rangi ili uone zikizunguka. Na kama bastola iliyokuwa haisumbui imeanza kushindwa kutoa maganda baada ya kuwekewa kioo, toa skrubu ya upande wa kulia uipime. Kwenye baadhi ya bastola, iliyo ndefu kupita kiasi hufika kwenye njia ya kijiti kinachosukuma kucha ya kung'oa ganda na kukikwamisha. Fundi anayejua kazi huligundua hilo kwa dakika moja. Asiyejua atakubadilishia springi zote.

## Bastola inakwama kwenye ala

Vilengeo virefu vinahitaji ala yenye njia ya juu iliyochongwa kwa ajili yake. Ukiona vumbi la plastiki au nyuzi za ngozi kwenye pembe za kilengeo cha mbele, inakwaruza kila unapoichomoa. Jaribu kwa bastola tupu, ukichomoa polepole kwa pembe mbalimbali, na umevaa nguo unazovaa kweli. Kilengeo cha nyuma chenye uso ulionyooka kama ukuta kina sababu yake: kinakuruhusu kuvuta slaidi kwa kukiegemeza mkandani ikiwa mkono mmoja umejeruhiwa. Lakini pembe hizohizo hushika bitana la koti. Zikishika, mwambie fundi azilainishe kwa kiasi kidogo na kurudisha rangi. Ukuta wa mbele auache kama ulivyo.